Kinyozi Aliyekwisha Kuzikwa

Nilimpiga mtu picha Jumatatu. Kabla wiki haijaisha, mke wake akanipigia simu kunieleza walivyomzika.

Msinicheke kwanza. Sikilizeni.

Kazi yangu ni kuzunguka na kamera. Napiga watu wakiwa kazini, naweka mtandaoni, mnapenda, maisha yanaenda.

Safari ile nilikuwa mbali na kwetu, mji ambao lami inaishia hapo hapo, mbele ni vumbi. Nilipanga chumba kilichotazamana na banda la kinyozi mmoja. Jamaa alikuwa na maneno, acha kabisa! Lakini kamera? Ukimwelekezea tu, anageukia ukutani.

Jumatatu hiyo akaniita mwenyewe.

"Njoo unipige, mdogo wangu. Sura yote. Visogo naviona kutwa nzima, havina jipya."

Nikapiga. Mkasi mkononi, mwanga wa dirishani, kicheko cha upande. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Nikaiweka mtandaoni.

Alhamisi simu ikaita; namba yangu iko kwenye ukurasa wangu. Sauti ya mama mtu mzima, imetulia.

"Yule kinyozi, gumba la kushoto halina ncha?"

Nikaikuza picha. Kweli, halina.

"Ni mume wangu. Mgodi ulipoporomoka tuliletewa jeneza lililofungwa. Tukalia, tukazika."



"Shemeji, nikuelekeze alipo?"



"Amenenepa?"

"Yuko vizuri tu."

"Haya. Nakuomba uifute. Wanangu walilia mpaka wakamaliza. Sitawaliza tena kwa ajili ya mtu mzima anayeijua njia ya nyumbani."

Nikaifuta. Ningesema niliumia ningekuwa mwongo. Sikuhisi kitu. Nilichemsha chai, nikanywa.

Kesho yake kinyozi akavuka barabara, taulo begani.

"Mbona picha siioni?"

"Nimeitoa."

Akaketi kwenye ngazi yangu.

"Mdogo wangu, mimi kwetu wanajua nimekufa. Siku mgodi unaporomoka, nilikuwa nimeshatoroka alfajiri na mwanamke mwingine. Naye aliniacha zamani. Kurudi naona haya. Nikasema, wacha nionekane. Wakinitaka, watanitafuta."

Nikawa naangalia viatu vyake.

"Kuna mtu ameniulizia?"

Nilikuwa na namba ya mke wake mfukoni.

"Hakuna, kaka."

Akaitikia kwa kichwa, akainuka. Kule bandani alikuwa amemwacha mteja na povu nusu kichwa. Akamalizia kumnyoa.

Mpaka leo sijui kama nilitenda wema au ubaya, na ukweli ni kwamba bado sihisi chochote.

Ila nawaambia, ndugu zangu: ukikosea nyumbani, rudi kwa miguu yako ukaombe msamaha. Usikae mahali usubiri kutafutwa. Wenzako nao huchoka kulia, na wakishachoka, hapo ndipo wanakuzika kweli.