Wimbo wa Mama Kwenye Cherehani

Mdogo wangu ni mtunzi wa muziki, na msicheke, ni kazi kama kazi nyingine. Ukiona kwenye televisheni mtu anafungua mlango taratibu, na moyo wako ukaanza kudunda kabla hujaona kilichoko nyuma yake, ujue kuna mtu alikaa mahali akakutungia hofu hiyo. Kwetu mtu huyo ni huyu niliyembeba mgongoni akinilowesha nguo.

Alianzia kwenye kinanda cha mitumba chenye vitufe vibovu. Akapiga kwenye harusi, akatunga matangazo ya sabuni, zikaja tamthilia, zikaja filamu. Riziki yake ilitoka huko. Lakini ukimuuliza kazi yake, hakutajii tamthilia hata moja. Anakunja nne na kusema, "Mimi naandikia okestra." Okestra ipi, jamani? Miaka na miaka hakuna aliyempigia hata nota moja. Kazi ya televisheni aliionea haya kama mtu mwenye soksi iliyotoboka: anaivaa kila siku, ila viatu havui mbele za watu.

Hatimaye okestra ya mjini ikakubali kupiga kazi yake. Akaja kwangu mbio, hata hodi hakupiga.

"Dada, nimemwandikia mama," alisema. "Ule wimbo wake wa kwenye cherehani."

Nikaujua papo hapo. Mama yetu ni mshonaji, ametulea kwa cherehani ile ile ya kukanyaga. Alipokuwa akishona alikuwa na wimbo wake usio na maneno, anauimba puani, mguu ukimpigia ngoma. Tuliulalia, tukaamka nao.

"Nataka akae mstari wa mbele ausikie ukipigwa na okestra nzima, kabla masikio hayajamwishia," akaendelea. "Ajue mwanawe si wa matangazo ya sabuni tu."

Hilo tu ndilo alilolitaka duniani.

Mazoezini wapiga chelo, zile fidla kubwa za sauti nzito, walitazamana wakachekacheka. "Wana dharau hao," aliniambia, amevimba. Kiongozi wao, mzee ambaye nyumbani kwake hana hata televisheni, akawakaripia, wakanyamaza. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeuliza mnacheka nini. Mdogo wangu hakuuliza.

Onyesho lilikuwa Jumapili alasiri. Mama alivaa gauni alilojishonea mwenyewe, pindo amelifumua na kulirudia mpaka likamridhisha. Tukakaa mbele, yeye katikati yetu. Chelo zikaanza peke yake, chini kabisa, polepole, maana mdogo wangu alitaka tusikie kwanza uzito wa cherehani ndipo wimbo upande.

Nyuma yetu mtu akasema kwa sauti, "Haya, Mama Sumu huyo kaingia!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Lo! Mama Sumu ni yule mama mkwe wa kwenye tamthilia, anayewatilia watu sumu kwenye chai. Nchi nzima ilimtazama. Kila akitokea mlangoni na kikombe chake, chelo zinalia chini. Mpaka mitaani, mwenye nyumba akionekana anakuja, wapangaji wanamwimbia muziki huo puani. Na aliyeutunga ni mdogo wangu. Mwongozaji alimletea picha asubuhi akataka muziki jioni: "Nataka wamwogope kabla hajanyanyua kikombe." Mdogo wangu akaketi kwenye kinanda chumbani kwake, ukuta mmoja na cherehani ya mama, mkono ukaokota sauti, akaishusha chini, akaivuta, akaipeleka. Hakujiuliza imetoka wapi. Haraka haraka haina baraka, na mimi niliyetazama tamthilia ile kila jioni sikuwahi kuutambua wimbo wa mama yangu.

Pale ukumbini, Mungu anisamehe, hata mimi nilicheka kabla sijajua ninachokicheka. Kisha nikamwona mdogo wangu. Alikuwa ameteleza kwenye kiti mpaka kidevu kimegusa kifua, masikio yamewaka. Laiti ardhi ingepasuka angeingia bila kuaga. Nami aibu ilinishika, ya kwake na ya kwangu. Wimbo ulipopanda juu, pale palipokuwa pazuri kweli, watu walikuwa bado wanafuta machozi ya kicheko.

Mama hakugeuka nyuma. Alikaa wima, mikono juu ya pochi, na mwishoni akapiga makofi.

Nyumbani alivua viatu akaketi kwenye kiti chake cha cherehani. Mdogo wangu akapiga magoti mbele yake, suti na yote.

"Mama, nisamehe. Nimekuaibisha mbele za watu."

"Leo hukuniaibisha, baba. Leo walimcheka yule mwanamke."

"Lakini wimbo ni wako, mama. Nilikuandikia wewe."

"Najua ni wangu. Niliujua tangu siku ya kwanza ulipotoka kwenye televisheni."

Nikatafuta pa kukaa.

"Ulijua?" mdogo wangu akauliza. "Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Umekua, una kazi yako. Kila jioni yule mwanamke akiingia na kikombe chake, nasikia wimbo wangu. Nikajiuliza, kumbe mwanangu ndivyo anavyoniona? Nimemfanyia nini? Nikakumbuka kila kofi nililowahi kukupiga."

Mdogo wangu alilia, mwanaume mzima na ndevu zake. "Haki ya Mungu sikujua, mama. Mkono tu ulikwenda."

"Nimekuamini," mama alisema, akamshika kichwa. "Nyamaza."

"Basi uimbe, mama. Uimbe vile ulivyokuwa unauimba, niusikie."

Hapo ndipo nami nilipotambua kwamba sijausikia wimbo ule chumbani mule tangu tamthilia ile ilipoanza. Tulipoona mama anashona kimya tulisema ni uzee, tukapita zetu.

Mama alifungua mdomo, akaufunga.

"Siwezi, mwanangu. Nikiuanza tu, namwona yule mwanamke na kikombe."

Akavuta suruali ya mteja, akaingiza uzi kwenye sindano, akaanza kukanyaga.