Matokeo ya Golfu Kwanza, Daraja Baadaye

Mkurugenzi mpya wa redio yetu ya Kasongo alikuja na maneno mengi na glovu moja nyeupe. Moja tu, ya mkono wa kushoto. Aliiweka juu ya meza ya ofisi, pale ambapo wengine huweka picha za watoto wao, ili kila anayeingia amuulize. Nilipomuuliza, akanieleza kwamba kule Lubumbashi alikuwa akicheza golfu na watu wazito. Baadaye nilikuja kujua kwamba alicheza mara moja, kwa kualikwa, na glovu wakasahau kumwomba airudishe.

Mimi ndiye niliyesoma habari za jioni. Nilisoma bei ya mchele, matanga, mutoto aliyepotea, mitumbwi iliyofika Nyangwe, hali ya barabara. Sokoni nikiuliza tu bei ya kitu, wamama waligeuka na kucheka: "Huyu ni mama wa redio."

Siku moja mkurugenzi akaniletea karatasi aliyoitoa kwenye mtandao. Yalikuwa matokeo ya mashindano ya golfu huko Amerika, ya wale wanaume wanaoifanya golfu kuwa kazi yao.

"Utasoma hii kwanza, madamu."

"Kabla ya barabara?"

"Barabara iko kila siku. Hii ni ya kimataifa."

Alikuwa na hesabu zake kichwani. Wakubwa wa kampuni ya dhahabu, wazungu, walikuwa wakipita mjini kwa magari yao, na yeye aliamini kila mzungu mwenye cheo anacheza golfu. Wakituskia tunasoma golfu, watatununulia antena mpya. Sikumwambia kwamba wazungu wale hawasikii Kiswahili. Mutu aliyesoma chuo Kinshasa miaka mingi, nilidhani hilo angeliona mwenyewe.

Basi nikasoma. Fulani wa kwanza, vipigo kadhaa chini ya kiwango. Fulani wa pili, amezidiwa kipigo kimoja. Majina yale niliyatafuna hata wenyewe wasingegeuka wakiitwa. Kabla sijamaliza, mzee mmoja akapiga simu kutoka Nyangwe.

"Binti, nani alifunga?"

"Hakuna aliyefunga, baba. Wanapiga kampira kadogo mpaka kaingie katika shimo."

"Na huyo wa kwanza alipiga mara nyingi?"

"Hapana. Alipiga mara chache kuliko wenzake."

"Kwa hiyo aliyefanya kazi kidogo ndiye anayepata falanga nyingi?"

"Ndiyo, baba."

"Kumbe ni kama wakubwa wetu," akasema, akakata.

Tukaendelea hivyo kila golfu ilipomalizika huko kwao, mpaka mvua ikapeleka daraja la mbao kwenye njia ya Kabambare. Mume wa jirani yangu alikuwa ameondoka asubuhi ile ile kwa kinga, baiskeli yake, na gunia la mchele nyuma, akielekea huko. Mke wake alikuja kwangu mbio, kitambaa mkononi badala ya kichwani.

"Dada, watu wa moto wamerudi na pikipiki zao, wanasema daraja limeanguka na watu. Uliskia nini?"

"Bado. Fungua redio jioni, nitasema."

Kazini nikampata kwa simu mwalimu anayekaa karibu na mto. Daraja lilikuwa limekwenda, lakini hakuna aliyekufa. Waliokuwa njiani wamekwama ng'ambo, watalala shuleni. Niliandika hayo vizuri, nikaingia studio. Mkurugenzi alikuwa amekwisha kukaa mbele ya mikrofoni. Mashindano makubwa yalikuwa yamemalizika, wawili wamelingana, wamerudishwa uwanjani kutafuta mshindi, na jambo zito kama hilo hakutaka kuliacha mdomoni mwangu.

"Grupe iko na mafuta kidogo," nikamwambia, maana jenereta ile ilikuwa karibu kuzima. "Tuanze na daraja. Watu wana wasiwasi."

"Dakika mbili tu, madamu."

Akasoma majina yote, mpaka ya walioshika mkia. Kisha akaanza kueleza pigo la mwisho, namna kampira kalivyozunguka mdomo wa shimo kakakataa kuingia, na sauti yake ikatetemeka, naapa, kama mutu anayezika. Hapo grupe ikazima. Gizani nikamsikia anauliza kama wasikilizaji wamepata jina la mshindi.

Nilitoka, nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka kwa jirani. Wanawake walikuwa wameizunguka redio iliyonyamaza.

"Mume wako ni muzima," nilisema kabla ya kushuka. "Wote ni wazima. Wako ng'ambo, wanalala shuleni."

Akakaa chini kwenye udongo. "Niliskia majina, majina, majina," alisema. "Nikafikiri wanasoma waliokufa. Nilikuwa nangoja lake."

Siku chache baadaye mkubwa wa ile kampuni ya dhahabu aliingia redioni, matope mpaka magotini. Mkurugenzi aliivaa glovu. Nakwambia aliivaa, nikiona, ndipo akampa mkono, akamuuliza kwa Kifaransa aliyaonaje matokeo ya Jumapili.

"Matokeo gani?"

"Ya golfu, bwana."

"Golfu sijacheza maishani. Mimi ninavua samaki. Nimekuja kuuliza daraja litatengenezwa lini, maana nimeambiwa redio ndiyo inajua."

Nilimjibu mimi. Mkurugenzi alikuwa anavua glovu, kidole kimoja kimoja.

Mngedhani aliacha. Alisema yule ni mkubwa mdogo, wakubwa wenyewe bado hawajafika. Akaendelea na golfu yake mpaka watu wa msikiti na wa parokia wakapeleka matangazo yao kwenye redio nyingine, nasi tukabaki tunawasomea mbuzi wa uani. Mwishowe Kinshasa wakamwita. Nasikia amepandishwa: sasa ni mshauri wa mkubwa fulani katika mambo ya michezo.