Simama Tu, Mama

Siku ile niliweka gongo la kupigia mpira chini katikati ya mchezo. Msimamizi wetu wa kiwandani Tonawanda, karibu na Buffalo, Mkongo mwenzangu anayeongoza pia timu yetu, alikuwa ameniambia tena, "Mama, usipige. Simama tu, mrushaji akikosea mara nne utapita bure hadi kituo cha kwanza."

"Basi simama wewe," nikamwambia, nikaondoka.

Softiboli yetu ya kiwandani, mchezo unaofanana na besiboli, lazima iwe na wanawake uwanjani, ndiyo maana alikuwa ananibembeleza nicheze kila Jumapili. Mimi besiboli ya Buffalo naifuata tangu nifike Marekani, na kupiga najua. Yeye alitaka mwanamke wa kujaza nafasi tu.

Timu ikashindwa kwa kupungukiwa mwanamke. Jumatatu akanitupa kwenye zamu ya usiku, na anajua nina mtoto mchanga.

Nikawaandikia wakubwa wa kiwanda: "Msimamizi ameniadhibu kazini kwa sababu ya mchezo. Nirudishieni zamu yangu ya mchana."