Kifuniko cha Torati

Nyaguthii alikuwa fundi wa nguo pale Yamumbi, mtoto wa familia moja ya Wayahudi wachache wa upande wa Nyahururu. Tangu utotoni alijua kwamba ngozi iliyoandikwa Torati haiguswi kwa mkono mtupu. Anayesoma hufuata mistari kwa kijiti cha fedha, na likipitishwa gombo, watu husimama.

Ijumaa asubuhi Mchungaji Gikonyo, mwenye kanisa la mabati kando ya barabara, aliingia dukani na gombo la Torati kwapani kama mkeka. Alitaka lishonewe kifuniko cha kung'aa. Alilikunjua juu ya meza ya kukatia vitambaa, akalamba kidole na kuzisugua herufi.

"Mama, hii tunawazungushia watu mabegani wapate baraka."

Nyaguthii alimtazama kama nzi aliyeingia kwenye uji.

"Na hapo unasoma nini, Mchungaji?"

"Mwanzo."

"Umeligeuza kichwa chini."

Gikonyo alilivuta kwa hasira, likamponyoka, likaanguka kati ya vipande vya vitambaa. Nyaguthii alipiga magoti, akaliinua kwa shuka safi.

"Ni ngozi tu hiyo," Gikonyo akacheka.

"Hata wewe ni ngozi tu, tena hakuna kilichoandikwa."

Kifuniko alikishona vizuri sana, kwa heshima ya Torati. Jumatatu akafunga kutwa, hata maji hakunywa, kama ilivyo desturi ya Wayahudi, kwa sababu Torati ilianguka mbele ya macho yake. Gikonyo siku hiyo alionekana Cheptiret akila nyama choma.