Damu ya Kuku Waliopona

Kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, hakukijua kutoka vitabuni. Alikuwa na miaka tisa asubuhi ile kuku wa mama yake walipoanza kupinda shingo na kuharisha kijani, na wiki haijaisha, kati ya kuku thelathini na mmoja wakabaki wawili. Mama alichimba shimo nyuma ya choo, akawafukia, akanawa mikono. Mtoto hakuwatazama waliokufa. Aliwatazama wale wawili wakiparua takataka kama vile pale nyumbani hakuna msiba.

"Mama, hawa kwa nini hawakufa?"

"Kamuulize Mungu," mama alisema. "Mimi nina kazi."

Basi akaenda kuuliza mwenyewe. Ilimchukua shule, chuo na shahada tatu, akarudi na cheo kirefu, mtaalamu wa biolojia ya molekuli, ambacho hakuna jirani aliyeweza kukitamka mara mbili kwa namna moja. Wao walimwita Daktari tu, wakamletea watoto wenye homa mlangoni, naye akawa anawarudisha.

"Mimi si daktari wa watu, jamani."

"Sasa wewe ni wa nini?"

"Wa kuku."

Wakacheka, wakidhani anawatania. Maabarani wenzake walimwita Mama Kideri, na jina likamganda.

Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza, ngumu kuifanya. Kila kideri kilipopita mahali, yeye alifuata nyuma akitafuta waliopona. Alibisha hodi nyumba kwa nyumba, akawabembeleza wenye kuku, akachoma mshipa chini ya bawa na kuvuta damu kidogo, nusu kijiko cha chai. Kuku walimdonoa, walimnyea, jogoo mmoja alimwachia kovu juu ya jicho. Miaka kumi na moja, kuku mia sita na kumi na wawili. Damu yao yote ilikaa kwenye friza moja mwisho wa ukumbi, friza la baridi ya nyuzi themanini chini ya sifuri, ndani ya vichupa visivyozidi ncha ya kidole.

Vinasaba alikuwa amesoma vya kuku tisini tu, maana dawa za kusomea ziliagizwa mbali na zilikuja zikijisikia. Lakini katika hao tisini aliona jambo. Kipande kimoja kifupi cha vinasaba kilijirudia kwa waliopona, tena na tena, mahali palepale. Moyo ulimruka. Hakumwambia mtu. Tisini hawatoshi, alijisemea. Nikiwamaliza wote ndipo nitafungua mdomo.

Mwaka huo chuo kilifungwa siku nne za mapumziko. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukaunguza kitu ndani ya friza. King'ora chake kikaanza kulia kwenye ukumbi usio na mtu. Alikuwepo mlinzi, mgeni kazini, wiki yake ya pili. Siku ya kufungua, mlinzi mwenyewe ndiye aliyemsimulia, bila kuficha, kama mtu anayeeleza habari za mvua.

"Nilisikia kitu kinalia, Daktari. Kinalia, kinalia. Nikadhani ni saa ya mtu ameisahau. Nikafunga ule mlango wa ukumbi ili kisinisumbue."

Daktari alikimbia. Alipofungua friza, hewa iliyompiga usoni ilikuwa ya uvuguvugu. Vichupa vilikuwa vinaelea kwenye maji mekundu-kahawia, na vile vijikaratasi alivyoviandika kwa mkono wake, kuku wa nani, wa wapi, amepona lini, vilikuwa vimebanduka vikakusanyika pembeni kama majani kwenye mtaro. Harufu alikuwa anaifahamu. Aliifahamu tangu ana miaka tisa. Alisimama na mlango wazi mpaka fundi wa maabara alipokuja kumshika bega.

Mkuu wa idara alimpa pole, akamwambia aandike ripoti. Friza la akiba yeye alikuwa ameliomba miaka miwili mfululizo, na barua zote mbili zilikuwa kwenye faili la mkuu huyo huyo, nyuma ya kichwa chake.

"Mlinzi tutamchukulia hatua," mkuu alisema.

"Msimguse."

"Uzembe ule?"

"Nani alimwambia lile friza ni la nini?"

Kabla mkuu hajajibu, jibu lilikuwa limemfika yeye mwenyewe. Siku zote kumi za yule mlinzi alikuwa akimpita mlangoni, habari za asubuhi, nzuri, basi. Yeye aliyekuwa na mdomo wa kumbembeleza mwenye kuku saa nzima, hakuwahi kusimama dakika mbili kumwambia mlinzi: hiki kikilia, nipigie. Lile jambo lilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki, na halikutoka tena.

Alimpigia mama yake simu. "Si uende ukawachome tena?" mama alishauri.

"Mama, wengi walipona miaka saba, minane iliyopita. Walishaliwa."

Mama akaangua kicheko, kisha akagundua anacheka peke yake. "Pole, mwanangu," akasema polepole. "Pole sana."

Alijaribu kuandika makala kwa wale tisini. Majarida matatu yalimjibu jibu moja: rudia kipimo kwa sampuli nyingine. Nyingine ipi? Maji yakimwagika hayazoleki. Mkataba ulipofika mwisho haukuongezwa, na hakuna aliyemfukuza. Waliacha tu kumwita kwenye vikao.

Ndipo akaingia kwenye uhariri. Meza iliwekwa chumbani, kati ya kitanda na kabati, hata akitaka shati lazima kwanza asogeze kiti. Kampuni hakuwahi kuiona. Ilimjua kwa namba na kumletea makala za wanasayansi wa dunia nzima, anyooshe Kiingereza chao: virejeshi vya which na that, nukta, sentensi zilizopotea njia. Alikuwa hodari. Mumewe, mwalimu wa shule ya msingi, alipita kwa kunyata akirudi mchana, akimwachia chai pembeni mwa kompyuta. Ikapoa. Miaka sita ikaenda hivyo.

Siku moja, saa nne asubuhi, ikaja makala kuhusu kuku wa kienyeji na kideri. Aliianza ameketi, ukurasa wa tano alikuwa amesimama. Kipande kilekile. Mahali palepale. Kuku wao walikuwa arobaini tu, lakini damu yao ilikuwepo na kipimo walikirudia mara tatu. Alitafuta kosa kwa pupa, kama mtu anayepekua mifuko ya nguo chafu. Hakuliona. Ilikuwa kazi safi. Hata kuidharau hakuweza.

Alinyoosha Kiingereza chote, neno kwa neno, vizuri kuliko makala yoyote ya mwaka ule. Mwishoni akaandika pembeni: "Nami nilikiona kipande hiki kwa kuku tisini. Nadhani mko sahihi. Mkitaka, nitawatumia matokeo."

Jibu lilikuja baada ya siku tatu kupitia ofisi ya kampuni. Mwandishi mkuu anamshukuru mhariri kwa lugha. Maoni mengine hayakuombwa. Na kama mhariri ana matokeo ya namna hiyo, mbona hayajachapishwa popote? Chini yake kampuni iliongeza mstari wake: akirudia kumwandikia mteja habari zake, namba yake itaondolewa kwenye orodha ya wahariri.

Alimsomea mumewe. Mwalimu akawaka.

"Waandikie tena! Waeleze ya friza, waeleze yote!"

"Niwaeleze nini? Wameuliza swali la haki."

"Lakini ulikuwa sahihi, mke wangu. Miaka yote hiyo ulikuwa sahihi."

"Sahihi bila damu ni umbea tu."

Mwalimu alikaa kitandani, maana kiti kingine hakikuwepo. Alitaka kumshika mkono, akaona mkono uko kwenye kibodi, akauacha. Mkewe alikuwa anafungua faili la wale tisini. Aliliangalia safu kwa safu hadi chini, akalifunga. Hakulifuta. Ingekuwa afadhali angeweza kulifuta, au kulia, au kumtukana mtu. Alijipekua ndani akakuta hakuna hata nguvu ya hasira, pametulia tu, kama chumba kilichohamwa.

Makala ilichapishwa miezi minne baadaye. Waliwashukuru wenye kuku, dereva, na wafadhili wawili. Aliisoma yote, akaona kirejeshi kimoja kilichompita.

Saa nane mchana ikaingia kazi nyingine, ya watu wanaochunguza nyufa za saruji. Sentensi ya kwanza ilikuwa na mistari mitano na haikuwa na kitenzi. Aliitafutia kitenzi.