Dengu za Bi Sogea

Jikoni kwetu, pale mgahawani, tulimwita Bi Sogea kwa sababu ndilo neno alilolisema kuliko yote. Sogea nipite. Sogea na hicho kisu. Sogea, unanizibia moto. Alianza kuosha vyombo kwenye mgahawa ule akiwa na miaka kumi na tisa, akapanda mpaka akawa mpishi wa michuzi. Miaka ishirini na moja nilisimama jiko la pili kutoka lake, upande wa nyama, nikisogea. Mume wake aliondoka asubuhi moja na hakurudi tena. Nilipompa pole alinijibu, "Pole ya nini, mdogo wangu? Sahani moja imepungua ya kuosha." Halafu akaenda kukaa nyuma ya mapipa ya maji, akarudi macho mekundu, akasingizia vitunguu. Siku hiyo alikuwa anapika wali.

Jumatatu wateja walikuwa haba, kwa hiyo tulijiwekea desturi. Saa kumi, mmoja wetu anapika chakula cha kwao, wengine tunatazama na kujifunza, kisha tunakula wote tumesimama. Hakuna karatasi wala vipimo. Unaangalia mkono wa mwenzio. Mimi nilileta kuku wa bibi yangu. Bi Sogea alileta dengu za mama yake.

Jamani, zile dengu! Mwokaji wetu wa mikate, mtu asiyesifia kitu hata umlipe, alifuta bakuli kwa kidole. Basi kila zamu yake ikifika tunamzunguka. Tunamwona akichemsha, akikaanga vitunguu, akiponda saumu. Mafuta ya mwisho, yale ya kumwagia juu, yakishapata moto, anageuka: "Mdogo wangu, hebu nikimbilie sahani stoo. Na wewe mwokaji, nitazamie lile bomba, nasikia linavuja." Tukirudi, sufuria imefunikwa, mwenyewe anapangusa mikono. Hakuwahi kutunyima kwa mdomo. Alitutuma tu.

Mara ya nne nilikasirika nikamwambia wazi, "Dada, unatubania."

Akacheka. "Nyie nimewapa sufuria nzima. Hicho kidogo ni cha binti yangu, mwachieni."

Binti mwenyewe alikuwa fundi cherehani, na jikoni hakupatamani hata kupita. Mama mtu alikuwa akisubiri siku binti atakapouliza mwenyewe. Kumbembeleza hakutaka, kiburi kilimjaa. Na mimi sikukubali kushindwa. Zamu yangu ilipofika nilimtuma akaniletee ndimu, nikampaka kuku wa bibi kile cha kumpaka, dada akiwa bado nje. Ngoma droo. Utoto mtupu, na mvi tunazo.

Kisha sahani za Bi Sogea zikaanza kurudi kutoka mezani. Chumvi mara mbili, au hakuna kabisa. Tukawa tunaonja sufuria zake kabla hazijatoka, tukijifanya tuna njaa. Jumatatu moja mafuta yalipopata moto akanituma sahani kama kawaida. Niliporudi alikuwa bado amesimama palepale, mwiko mkononi, mafuta yanaungua, moshi umejaa jiko zima.

"Mdogo wangu," aliniambia, "hivi nilikutuma ili nifanye nini?"

Nilizima jiko. Mwezi huohuo akaacha kazi, binti akamchukua kwake.

Haukupita mwaka, binti akaja mgahawani mchana, vipande vya uzi vimemganda kwenye blauzi. "Mjomba, mama hali chakula," alisema. "Wiki ya pili sasa. Anataka dengu za mama yake tu. Nimempikia, ametema. Daktari anasema tukiendelea hivi tutampoteza." Akaanza kulia mbele ya watu. "Sikuwahi kumuuliza, Mjomba. Kila siku nilisema kesho."

Nilimwambia aende, nitazileta. Nilipika siku mbili mfululizo. Nilijaribu ndimu, nikajaribu mbegu za kukaanga, nikajaribu kusaga dengu chache na kuziunguza kidogo. Mwokaji alionja kila sufuria, anatikisa kichwa. Nilimkasirikia Bi Sogea, nawaambia ukweli. Nilimtukana kabisa, peke yangu pale jikoni, huku machozi yananitoka.

Siku ya tatu nikabeba ile iliyokaribia kuliko zote, ndani ya hotpoti. Nilimkuta amekaa kitandani kando ya cherehani ya bintiye, mikono imekuwa myembamba mno. Hakunitambua. "Karibu, baba," alisema, kama anavyokaribishwa mgeni. Nilipofungua mfuniko akainua kichwa haraka, akanyoosha mkono mwenyewe. Nikampakulia kwenye bakuli. Kijiko cha kwanza akameza. Binti alikuwa amenishika mkono wa shati. Cha pili akameza. Cha tatu akakishikilia mdomoni muda mrefu, kisha akarudisha kijiko kwenye bakuli na kulisukuma taratibu.

"Wewe ndiye uliyepika?"

"Ndiyo, dada."

"Una mkono mzuri. Lakini aliyekufundisha hizi alikuficha kitu."

"Kitu gani, dada? Niambie nikakiweke."

Alifungua mdomo. Alitafuta, niliona kabisa anatafuta, macho yakizunguka darini, vidole vikisugua shuka. Kisha akafumba mdomo, akatikisa kichwa kwa aibu.

"Mimi sijui," alisema. "Rudi kwake huyo. Mwambie kuna mgonjwa hawezi kula. Hawezi kuwa na roho mbaya kiasi hicho, atakwambia tu."

Binti alitoka nje. Nilisikia akilia koridoni. Mimi nilimfuta Bi Sogea mdomo, nikafunika hotpoti, nikamwambia sawa dada, kesho asubuhi nitakwenda kumuuliza.