Tairi la Fainali

Saa mbili na robo asubuhi, tairi jipya la nyuma liliteleza kwenye jiwe kavu.

Halikuwa na tope. Halikuwa na mafuta. Meno yake yalikuwa marefu, na kingo zake kali kiasi cha kukwaruza kiganja. Jiwe lenyewe lilikuwa la mazoezi tu, la kupashia misuli moto.

Aliyekuwa juu ya pikipiki ni wifi yangu, mke wa kaka.

Alishuka, akalitazama tairi kama mtu aliyetukanwa na mgeni wake, akapanda tena. Likateleza tena.

Nieleze kwanza mchezo, maana wengi hawaujui. Pikipiki hizi hazina hata kiti. Hakuna kukimbizana. Unapanda mawe, magogo na makorongo, taratibu, umesimama, bila kuweka mguu chini. Mguu ukigusa, unaandikiwa pointi, zisizozidi tatu kwa kila jiwe. Ukianguka, ukirudi nyuma, au msaidizi wako akikugusa, ni tano kwa mpigo. Mwenye pointi chache ndiye mshindi.

Msaidizi ni mimi. Nasimama juu ya jiwe, mikono wazi, tayari kudaka mambo yakiharibika.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kaka, lakini ilimshinda. Mkewe akiyumba tu, keshamdaka. Walikuwa wakizozana njia nzima ya kurudi nyumbani, mpaka kaka akanikabidhi mimi.

"Wewe huna moyo," aliniambia. "Unafaa."

Ni kweli sina papara. Mimi ni mfamasia, nimezoea kusoma kilichoandikwa kabla sijasema neno.

Siku ile ya fainali ilibaki nafasi moja kwenye timu ya wanawake inayokwenda kushindana nje. Walioiwania kwa kweli ni wawili: wifi, na dada mmoja mwembamba tuliyezoea kumwita Sindano. Wifi alikuwa na goti bovu, na alishamwambia kila mtu kwamba huu ndio msimu wake wa mwisho.

Sasa kuhusu tairi.

La zamani lilikuwa limechoka, hilo halina ubishi. Meno bado yalikuwa na kimo, lakini kwenye mchezo huu kimo si hoja. Kinachoshika jiwe ni ukingo wa mbele wa kila jino, na kingo zile zilikuwa zimeviringika kama sabuni iliyotumika nusu. Tulishaligeuza mara moja ili upande wenye makali uangalie mbele. Na huo nao ukaisha.

Kaka akasema libadilishwe. Wifi akakataa. Jipya lipo, alisema, lakini hilo ni la fainali.

Huyu ni mwanamke ambaye makochi yake bado yana nailoni ya dukani. Zikitoka sahani za kabatini, watoto wake huuliza ni nani anakuja. Kila kizuri ndani ya nyumba ile kinasubiri siku yake. Tairi nalo lilisubiri, limefungwa gazeti, juu ya rafu ya stoo, chini ya bati.

Baada ya lile jiwe nilipiga magoti nikalikandamiza tairi kwa ukucha. Mpira wa matairi haya hubonyea, ukaacha alama. Huu haukubonyea. Nikafuta vumbi ubavuni, mazoea ya kazini tu, nikakuta tarakimu nne: wiki na mwaka wa kutengenezwa.

Mwaka ule mtoto wake wa mwisho alikuwa hajazaliwa. Sasa yuko darasa la tatu.

"Ni jipya," wifi alisema. "Halijawahi kugusa ardhi."

"Halijawahi," nikamwambia. "Lakini limezeeka, wifi."

Kaka akauliza kama tunaweza kulirudisha lile kuukuu, maana lilikuwa ndani ya gari. Hatukuweza. Wakaguzi walishaweka alama ya rangi kwenye tairi na rimu, na ulichokaguliwa nacho ndicho unachomaliza nacho. Mkaguzi mwenyewe alikuwa amelisifia. Alisema laiti wote wangekuja na tairi kama lile.

Tukapunguza upepo mpaka kidogo rimu iguse jiwe. Ikasaidia, si sana.

Wifi aliendesha kwa akili. Pale tairi lilipogoma, alitumia uzito wa mwili, na goti ndilo lililolipa. Kila mguu wake ulipogusa chini, nilimwona mwamuzi akitoboa kadi. Hakuna nilichoweza kufanya. Kaka alikuwa akirekodi kwa simu kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi.

Tukafika jiwe la mwisho. Sindano alishamaliza. Wifi akipata pointi tatu au pungufu, nafasi ni yake. Akipata tano, imekwenda.

Kabla ya hapo, niseme hili kwa wenye pikipiki hizi. Tairi halipimwi kwa macho. Papasa ukingo, bonyeza kwa ukucha, soma tarehe. Ukingo ukiisha, badilisha siku hiyo hiyo. Lililoko stoo halikusubiri. Linazeeka pamoja na wewe.

Alikuja vizuri. Gurudumu la mbele likafika juu, karibu na magoti yangu. La nyuma likashika, likaachia, likazunguka bure. Pikipiki ikaganda pale, nusu juu ya jiwe, nusu hewani, injini ikinguruma. Chini yake palikuwa na mawe matupu, kimo cha mtu mzima.

Mikono yangu ilikuwa shubiri moja kutoka kwenye usukani.

Akanitazama. "Usiniguse, wifi."

Sikumgusa.

Tairi likateleza taratibu, kama droo inayofunguka yenyewe. Akaenda nalo.

Mfupa wa bega ulivunjika. Alifungwa mkono kwenye hema la huduma ya kwanza, na humo ndimo kaka alimotuonyesha video.

Mwamuzi alikuwa amesimama chini, nyuma ya wifi. Alipuliza filimbi, lakini injini iliimeza. Gurudumu lilikuwa limesharudi nyuma kiganja kizima, jambo ambalo mimi kutoka juu sikuliona.

Wifi akaomba irudishwe. Kaka akairudisha.

Mkono wa mwamuzi uko juu, vidole vyote vitano, kabla wifi hajafungua mdomo kuniambia nisimguse.